Penisilini haimponyi ng'ombe mwenye homa ya mapafu

Mnadani kuna jambo ambalo kila mfanyabiashara wa ng'ombe analijua na wachache hulisema kwa sauti: mnyama aliyeanza kukohoa huuzwa upesi. Mwenyewe humchoma sindano mbili tatu nyumbani, humpumzisha siku kadhaa, na akiona ameanza tena kula humswaga hadi sokoni kabla kikohozi hakijarudi. Mnunuzi humkuta amesimama imara, hulipa na kwenda kumchanganya na wenzake. Baada ya mwezi mmoja au miwili, zizi zima linakohoa. Hapo ndipo lawama huanza: muuzaji ni tapeli, dawa ilikuwa feki, jirani ana kijicho.

Muuzaji ana lawama yake. Lakini dawa pengine haikuwa feki. Ilikuwa dawa halisi, ila ilipewa kazi isiyo yake. Mfugaji anayetumia fedha zake kununua penisilini kwa ajili ya homa ya mapafu ya ng'ombe anapigana na adui kwa silaha isiyomgusa, na sababu yake haiko dukani wala kwenye sindano. Iko kwenye umbile la kijidudu chenyewe, hasa kwenye utando mwembamba unaokizunguka na protini zilizopachikwa humo.

Hilo linaweza kuonekana kuwa somo la maabara lisilomhusu mtu wa zizini. Ukweli ni kinyume chake. Anayeuelewa utando huo anajua kwa nini sindano zinashindwa, kwa nini ng'ombe aliyepona si wa kuaminika, kwa nini chanjo huharibika njiani, na kwa nini ugonjwa huu husafiri kwa miguu ya ng'ombe wala si kwa upepo. Yote hayo ni mambo ya fedha.

Hasara yenyewe

Homa ya mapafu ya ng'ombe husababishwa na kijidudu kiitwacho Mycoplasma mycoides, ambacho Wafaransa Nocard na Roux walifaulu kukiotesha maabara mwaka 1898. Hakimuambukizi binadamu. Humshika ng'ombe, na huenezwa pale mgonjwa anapokohoa karibu na pua ya mwenzake. Dalili huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na wakati mwingine miezi. Kisha huja homa kali, pumzi fupi, shingo iliyonyooshwa mbele, viwiko vilivyotanuliwa nje na mguno wa maumivu kila anapotoa pumzi. Kwa ndama, viungo vya miguu huvimba. Ugonjwa unapoingia kwenye eneo ambalo haukuwapo, unaweza kuua kati ya asilimia 10 na 70 ya wanaoshikwa.

Wachinjaji wanaufahamu kuliko mtu yeyote. Wakipasua kifua hukuta maji ya manjano, wakati mwingine hata kufikia lita 30, na pafu la upande mmoja limekakamaa na kugawanyika vipande vya rangi mbalimbali, mithili ya sakafu ya marumaru.

Historia yake ni ya biashara tangu mwanzo. Afrika Kusini iliupata mwaka 1854 kupitia ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Uholanzi, na ndani ya miaka michache zaidi ya ng'ombe 100,000 walikuwa wamekufa. Tanzania iliuondoa mwaka 1964, ikakaa zaidi ya miaka 25 bila ugonjwa, kisha ukarejea mwaka 1990 kupitia mpaka wa kaskazini, mkoani Arusha. Mwaka 1992 ulizuka tena Kagera, upande wa mpaka wa Uganda, na katika miaka iliyofuata ukasambaa mikoa mingi. Hakuna aliyeuleta kwa makusudi. Uliletwa na ng'ombe waliokuwa wakitafuta malisho, maji na wanunuzi.

Botswana inatoa funzo chungu zaidi. Ugonjwa ulipoingia wilaya ya Ngamiland mwaka 1995, Serikali ya nchi hiyo, iliyokuwa ikiuza nyama kwenye soko la Ulaya, iliamua kuchinja ng'ombe wote wa eneo hilo. Zaidi ya ng'ombe 300,000 waliuawa. Ugonjwa ulikwisha, soko likaokolewa na wafugaji wakalipwa fidia. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba utapiamlo uliongezeka miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano katika eneo lililopoteza ng'ombe, kwani maziwa yalitoweka siku moja na mifugo. Huo ndio ukuta unaojengwa na asiyeziba ufa.

Tyubu isiyo na tairi

Ili kuelewa kwa nini sindano ya penisilini haisaidii, inatosha kuliangalia gurudumu la baiskeli. Bakteria wengi wako hivyo: ndani kuna tyubu laini iliyojaa upepo, nje kuna tairi gumu linaloizuia isipasuke. Tyubu ni utando. Tairi ni ukuta wa seli. Penisilini na dawa za ukoo wake hazigusi tyubu hata kidogo. Kazi yake ni kumvuruga bakteria anapojenga na kukarabati tairi. Tairi likidhoofika, tyubu hututumka, hupasuka, na bakteria hufa.

Kijidudu cha homa ya mapafu hakina tairi. Kilizaliwa tyubu tupu na kinaishi hivyo. Hakina ukuta wa seli wa kubomolewa, kwa hiyo penisilini hukipita kama fundi seremala aliyeitwa kutengeneza mlango kwenye nyumba isiyo na mlango. Mfugaji akiongeza dozi, anaongeza gharama tu. Akichanganya aina mbili za ukoo huohuo, ni kazi bure mara mbili.

Zipo dawa nyingine zinazofanya kazi kwa njia tofauti, kama vile oksitetrasaiklini, inayojulikana sana madukani kwa kifupi cha OTC, na tailosini. Hizi huingia ndani ya kijidudu na kukizuia kutengeneza protini, hivyo hukipunguza nguvu hata kama hakina ukuta. Hapo ndipo penye mtego. Mnyama hupata nafuu, homa hushuka, na mwenye mali huamini amepona. Lakini ndani ya pafu mara nyingi hubaki kifuko kigumu kilichofunika kipande cha nyama iliyokufa, na humo kijidudu huweza kuendelea kuishi kwa miezi mingi, mahali ambapo damu haifiki vizuri na dawa haifiki vizuri. Kwa macho ya mnunuzi, huyo ni ng'ombe mzima. Kwa macho ya mganga wa mifugo, huyo hatakiwi kuhesabiwa kuwa salama.

Milango inayozaa sumu

Kijidudu kisicho na ukuta kinaishije, na kinawezaje kumwangusha dume la kilo 400? Jibu liko kwenye protini za utando wake.

Kijidudu hiki ni maskini wa kupindukia. Orodha kamili ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2004, na ilionekana kwamba ana jeni zisizofika 1,000, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo aitwaye E. coli ana zaidi ya 4,000. Jeni ni kama maelekezo ya kazi. Mwenye maelekezo machache hawezi kujitengenezea mahitaji mengi. Kwa hiyo kijidudu cha homa ya mapafu huishi kwa kuchukua kila kitu kwa mwenyeji wake, hata mafuta ya kolesteroli ya kuimarishia utando wake. Na kwa kuwa kila kitu lazima kipite kwenye utando, utando huo umejaa protini zinazofanya kazi ya milango, makuli na walinzi.

Mojawapo ya milango hiyo ni ya kuingizia gliseroli. Jina linaweza kuwa geni, lakini kitu chenyewe kimo kwenye kabati za nyumba nyingi: ndiyo ileile gilisarini inayopakwa ngozini wakati wa baridi. Mwilini mwa ng'ombe gliseroli hupatikana kutokana na mafuta, na kwa kijidudu ni chakula. Protini tatu za utando hushirikiana kuivuta ndani. Ikishaingia, hupokewa na protini nyingine iliyopachikwa kwenye utando huohuo, kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi GlpO. Kimeng'enya hiki huikata ili kijidudu kipate nguvu, na katika kuikata huzalisha taka iitwayo haidrojeni peroksaidi.

Hiyo nayo si ngeni. Ni yale maji ya dawa yanayotoa povu jeupe yakimwagwa kwenye kidonda. Maji hayo huunguza. Ndiyo maana huua vijidudu, na ndiyo maana huwasha. Kwa kijidudu cha homa ya mapafu, taka hii ni silaha. Kinapogusana na seli za njia ya hewa za ng'ombe, sumu hutolewa hapohapo mlangoni, umbali mdogo kuliko unywele, na seli ya ng'ombe huungua. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, nchini Uswisi, walionyesha hivyo maabara kwa kutumia seli za pua za ndama: walipokizuia kimeng'enya hicho kwa kingamwili zilizotengenezwa mahususi, seli hazikudhurika kama kawaida.

Kuna ushahidi mwingine unaovutia. Aina za kijidudu zilizopatikana kwenye milipuko ya Ulaya zilikutwa zimepoteza kipande cha jeni za mlango wa gliseroli. Haziwezi kuivuta vizuri, hivyo hutoa sumu kidogo, na ugonjwa ulioonekana huko ulikuwa wa makali madogo kuliko wa Afrika. Aina za Afrika zina mlango kamili. Tofauti ya protini chache kwenye utando inaweza kuwa tofauti kati ya kikohozi cha wiki na zizi tupu.

Kinga inayochokozwa

Sumu si silaha pekee. Kwenye uso wa utando kuna protini zenye mkia wa mafuta, ambazo kinga ya mwili wa ng'ombe huziona kwanza. Baadhi huweza kuwashwa na kuzimwa kama taa, ili askari wa mwili waliozoea sura moja wakute nyingine. Zingine huichokoza kinga ipige kelele kupita kiasi. Sehemu kubwa ya uharibifu unaoonekana machinjioni, yaani yale maji ya manjano kifuani na pafu lililokakamaa, hutokana na mwili wenyewe kumwaga majeshi yake mahali pamoja bila mpangilio. Kijidudu huchokoza, na nyumba huchomwa na mwenye nyumba.

Jambo hili limewagharimu watafiti muda mrefu. Hesabu ilionekana rahisi: kama protini fulani ya utando ndiyo silaha, basi itengenezwe peke yake maabara, ng'ombe wachanjwe nayo, na ugonjwa utazuiwa. Majaribio yaliyofanyika Kenya yalitoa jibu tofauti. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, ng'ombe waliochanjwa kwa kimeng'enya cha GlpO walitengeneza kingamwili, lakini kingamwili hizo hazikuweza kukizuia kimeng'enya kufanya kazi, na wanyama waliugua walipoambukizwa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya chanjo iliyotokana na protini nyingine ya utando, LppQ. Safari hii mambo yalikuwa mabaya zaidi: chanjo ilichochea kinga iliyowadhuru wanyama wenyewe.

Hata hivyo, mlango haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Kenya na Kanada waliripoti kwamba mchanganyiko wa protini kadhaa zilizochaguliwa ulionyesha kuwakinga ng'ombe katika majaribio. Kutoka jaribio hadi chupa ya dukani ni safari ndefu, lakini mwelekeo unajulikana. Funzo kwa mfugaji ni moja: yeyote anayeuza "chanjo mpya" ya homa ya mapafu mnadani, bila idara ya mifugo kuijua, anauza maji, au anauza madhara.

Chanjo iliyopo ni ya nyumbani

Chanjo inayotumika Afrika kwa sasa inaitwa T1/44, na asili yake ni hapa hapa. Ilitokana na kijidudu chenye makali madogo kilichopatikana Tanganyika mwaka 1951, kikapitishwa mara 44 katika mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua ndani ili kupungua nguvu zaidi. Ni kijidudu hai, chenye utando wake na protini zake, ila kimepozwa makali. Kwa kuwa mwili wa ng'ombe hukutana na kijidudu kizima, hujifunza sura yake yote badala ya kipande kimoja. Ndiyo maana, pamoja na uzee wake, chanjo hii bado haijapata mrithi.

Lakini uhai huo una masharti, na yote yanarudi kwenye tyubu isiyo na tairi. Kijidudu kisicho na ukuta ni dhaifu nje ya mwili. Joto hukiua upesi, na jua hukiua upesi zaidi. Chanjo iliyotoka kiwandani ikiwa nzima, ikabebwa kwenye boksi la barafu iliyokwisha kuyeyuka, ikachanganywa asubuhi na kutumika hadi alasiri, huwa ni maji ya kuchoma. Mfugaji ana haki ya kumwuliza mchanjaji barafu iko wapi na dawa ilichanganywa saa ngapi. Swali hilo si utovu wa adabu; ni ulinzi wa mali.

Sharti la pili ni kwamba chanjo hai na antibiotiki havikai pamoja. Ng'ombe aliyechomwa OTC au tailosini jana, akachanjwa leo, anaweza kuiua chanjo kabla haijamfundisha mwili kitu. Wafugaji wengi hawaambiwi hili, na wengine huchoma OTC siku hiyohiyo "ili chanjo isimsumbue." Matokeo yake ni daftari linaloonyesha kundi limechanjwa na kundi lisilo na kinga.

Sharti la tatu ni kurudia. Kinga hudumu karibu mwaka mmoja. Dozi ya kwanza haiwakingi ng'ombe wote. Kinga ya kundi huimarika linapochanjwa tena mwaka unaofuata. Kampeni ya mwaka mmoja, ikifuatiwa na miaka mitatu ya ukimya, ni fedha iliyotupwa.

Aidha, ni vema ukweli mwingine usemwe wazi, kwani kufichwa kwake ndiko kunakowafanya wafugaji wengi wakimbie chanjo. T1/44 huweza kuleta uvimbe mkubwa mahali ilipochomwa, wiki mbili hadi nne baadaye, na mnyama asipotibiwa anaweza kufa. Ni wachache hupatwa na hali hiyo, na hutibika wakiwahiwa. Mchanjaji anayeondoka kijijini bila kusema hayo, na bila kurudi kuangalia, hufanya jina la chanjo liharibike kwa miaka kumi. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe mmoja kwa chanjo hawezi kuridhishwa na takwimu za waliopona.

Wajibu wa mnada na wa Serikali

Udhaifu huohuo wa kijidudu ni habari njema. Kikiwa nje ya mwili hakidumu, kwa hiyo hakikai kwenye udongo kama kimeta, wala hakihitaji kupe kama ndigana. Kinahitaji ng'ombe mmoja akohoe karibu na mwingine. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu una njia moja kuu ya kusafiri, nayo ni biashara na uhamaji wa mifugo. Njia moja inaweza kuzibwa. Marekani iliupata mwaka 1843 na kuumaliza mwaka 1892 kwa kuzuia mienendo ya mifugo na kuchinja waliougua. Australia iliupata mwaka 1858, ikautangaza kuwa umekwisha mwaka 1973, baada ya kuunganisha chanjo, udhibiti wa mienendo na ukaguzi wa mapafu machinjioni, uliowezesha kila pafu bovu kufuatiliwa hadi shamba lilikotoka.

Hilo la mwisho linawezekana hata kwenye machinjio madogo ya wilaya. Pafu lenye sura ya marumaru halipaswi kuishia kutupwa shimoni huku mchinjaji na mkaguzi wakinyamaza. Linapaswa kuuliza swali: ng'ombe huyu alitoka mnada gani, na kabla ya hapo zizi gani? Bila kibali cha kusafirisha kilichoandikwa kwa ukweli, na bila alama inayomtambulisha mnyama, swali hilo halina jibu. Vibali vinavyotolewa bila ofisa kumwona ng'ombe ni karatasi za kulipia ushuru, si za kuzuia ugonjwa.

Mwezi Juni 2025 Tanzania ilizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyopangwa kwa miaka mitano na kugharimu Sh. bilioni 216, huku homa ya mapafu ikiwa ndiyo inayolengwa kwa upande wa ng'ombe. Ni hatua sahihi, na kuunganisha sindano na hereni ya sikioni ni busara. Lakini kampeni ya aina hii hupimwa mwaka wa tatu na wa nne, wakati magari ya uzinduzi yamesharudi na mchanjaji anatakiwa afike kijiji kilekile, kwa ng'ombe walewale, na barafu ikiwa bado haijayeyuka. Hapo ndipo bajeti nyingi huishia.

Kuna jambo jingine ambalo Serikali na halmashauri hazina budi kulitazama. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama mgonjwa atoe taarifa. Lakini mfugaji akitoa taarifa, anachokiona ni mnada kufungwa, zizi kuwekwa karantini na bei ya ng'ombe wake kuanguka, akinyamaza, anauza. Sheria inayomwadhibu msema kweli haiwezi kutegemea ukweli. Pale mnyama anapochinjwa kwa manufaa ya wote, ni haki wote wachangie hasara hiyo. Botswana, pamoja na uchungu wake, ilielewa hivyo na ikalipa.

Kwa upande wao, wafugaji na wafanyabiashara hawahitaji kusubiri bajeti ili waanze. Ng'ombe aliyenunuliwa asichanganywe na kundi siku hiyohiyo. Atengwe, na kwa kuwa ugonjwa huu hujificha kwa muda mrefu, kutenga kwa wiki moja hakutoshi. Anayekohoa asiswagwe kwenda mnadani wala kwenye josho la pamoja. Bwana mifugo aitwe kabla ya sindano, si baada ya sindano ya tatu kushindwa. Vyama vya wafugaji na vya wanunuzi vikikubaliana kwamba atakayemleta mnadani mnyama anayekohoa atarudishwa naye mbele ya wote, hakuna ofisi itakayowazidi kwa udhibiti.

Wenye maduka ya dawa nao wana nafasi yao. Anayemuuzia mfugaji chupa ya penisilini baada ya kusikia maelezo ya homa, kikohozi na mguno, amepata faida ya siku moja na kupoteza mteja wa miaka mingi, kwa sababu asiye na ng'ombe hanunui dawa. Aidha, kila antibiotiki inayotumika bila sababu huwafundisha vijidudu vingine vya zizini kuizoea, na siku ndama atakapopata ugonjwa ambao penisilini ingeuweza, huenda dawa isifanye kazi.

Kijidudu cha homa ya mapafu hakina ukuta, hakina mbio wala hakina maarifa. Kina utando mwembamba wenye milango ya kuibia chakula na kutolea sumu, na kina watu wanaokisafirisha kutoka zizi hadi zizi kwa kuogopa hasara ya ng'ombe mmoja. Milango ya utando ni kazi ya watafiti, nao wako kazini. Milango ya zizi na ya mnada ni kazi ya wenye mifugo, na hiyo inaweza kufungwa kuanzia mnada ujao.